Kidole Kilichofika Mbali

Mjukuu wangu Hodan,

Assalaamu alaykum kutoka Garissa. Mama yako anatembea sasa, alhamdulillahi. Mbuzi wamebaki wanne. Ya ukame tuyaache.

Unasema kampuni yenu inataka kuchukua alama za vidole za wateja, na wewe wakili wao unawaza itakuwaje mashine ikikosea.

Ujanani, njaa ilitupeleka mimi na dada yangu Halima kwenye kambi ya wakimbizi, ingawa sisi ni Wakenya. Tulichovya kidole kwenye wino, tukaweka alama kwenye karatasi, tukapewa unga. Hakuna aliyetuambia kwamba alama ile ingeingizwa kwenye kompyuta na kufika ofisi ya vitambulisho. Miaka mingi baadaye tulipoenda kuomba vitambulisho, karani alitubonyezesha vidole kwenye mashine, akatazama kompyuta yake akasema, "Mama, hapa nyinyi ni wakimbizi. Kitambulisho cha Kenya hampati."

Halima akamuuliza, "Tumekimbia nini? Tumezaliwa Masalani, hapa hapa Kenya!"

Sheria zako sizijui. Waulize tu wakubwa wako, alama ya mtu ikishatoka mkononi mwake itafika wapi.

Mashine yetu haikukosea, Hodan. Vidole vilikuwa vyetu kweli. Halima tulimzika mwezi wa Shaabani, na kwenye kompyuta bado ni mkimbizi.

Bibi yako,
Ayeeyo Fatuma