Kutu ya Kioo na Kuku wa Mama Mkwe

Jumapili, 8 Novemba 1953
Mvua ya kwanza! Shinyanga nzima inashangilia, mimi nalia. Tulikuwa njiani kwenda misa, gari likaingia shimoni, maji yote yaliyojikusanya juu ya kioo cha mbele yakammwagikia mke wangu, Scolastika. Maji ya kutu! Gauni jeupe, jipya — sasa lina rangi ya chai. Padri akadhani ni damu, akamwuliza kama ameumia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kadandia lori kwenda kwa mama yake, Kishapu. Atarudi siku gari litakapoacha kunyesha, kasema.

Jumatatu, 9 Novemba
Nimebandua mpira wa kioo. Mungu wangu! Bati hakuna, ni kutu tupu. Fundi Nkwabi kaigusa kwa kijiko, kijiko kikatokea ndani. Kacheka mpaka akakaa chini. Tumekwangua, tumepiga msasa, tumebandika kipande cha debe, pembeni tumeziba kwa lami.

Jumanne, 10 Novemba
Jua kali. Lami imeyeyuka, ikachuruzika hadi kitini. Suruali ya kaki basi tena.

Jumatano, 11 Novemba
Nkwabi anasema tujaribu nta. Nimenunua kwa Bujiku, mrina asali. Kasisitiza niichemshe na kuichuja kwanza, eti bado ina asali. Nani ana muda? Nimeikanda hivyo hivyo, nikaisindilia kuzunguka kioo chote. Nikamwaga ndoo nzima ya maji — ndani kukavu! Nimecheza peke yangu uani. Kisha nikaramba vidole.

Alhamisi, 12 Novemba
Nyumba kimya. Ugali umeungua. Namtaka mke wangu.

Jumamosi, 14 Novemba
Kishapu. Naandikia juu ya usukani, sikio limevimba.

Nilipofika nilishika desturi: mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kukaa pamoja. Nikajibanza nyuma ya ghala la mtama ili alikague gari kwa raha zake. Akaja na kuku wa zawadi ya safari yetu. Dalili njema! Akainama kunusa ile nta. Kumbe nyuki nao wameinusa — kundi zima! "Mayoo!" Akarukia ndani kwa mlango wa kushoto. Nami, nimeshaumwa, nikarukia kwa mlango wa kulia bila kufikiri.

Basi tuko wawili kiti kimoja. Yeye kajifunika khanga kichwa kizima, mimi nimegeukia dirishani. Kuku katikati.

Mara akasema na kuku: "We kuku, mwulize huyo, gari bado linavuja?"

Nikamwambia kuku halivuji, na shikamoo. Kuku hakujibu. Mama mkwe akamwitikia marahaba.

Kuku huyo huyo akaelezwa kwamba Scolastika, tangu aje, anakosoa kila chungu cha jikoni, na mwenye jiko amechoka.

Mvua imeanza. Nyuki wametawanyika. Scolastika huyo anatoka mlangoni, furushi kichwani — na gauni jingine jeupe! Na hapa pembeni ya kioo, pale barabara ilipoilegeza nta, tone. La kutu. Linanenepa. Mama mkwe kaliona kupitia pindo la khanga. Kanyoosha mkono, kalibana tundu kwa kidole gumba, na sasa anamnong'oneza kuku amwambie huyo aache kuandika, awashe gari, yeye atatusindikiza mpaka Shinyanga —