Wateja Kutoka Karurumo

Meru, 11 Machi 2024

Babu na wajina wangu,

Habari za Karurumo? Kifua kimetulia? Mimi mwili uko salama, usingizi ndio umenihama.

Kati yetu tulioajiriwa na benki kwa majaribio tumebaki wawili: mimi na Safiya, msichana wa hapa mjini. Mwisho wa Juni atabaki mmoja, yule mwenye wateja wapya wengi. Safiya huzunguka kwa wachinjaji na wauza nguo mpaka viatu vinageuka rangi. Mimi watu hunisikiliza, hunishukuru, huenda zao. Kila Jumatatu tunasimama mbele ya wenzetu na meneja wetu, Kiogora, anasoma majina. Leo ameniuliza, "Njagi, wateja wako wanakuja kwa miguu kutoka Moyale?" Wote wakacheka isipokuwa Safiya.

Kabla ya kuingia kazini mimi hutapika. Usimwambie mama.

Mjukuu wako

Karurumo, 20 Machi 2024

Wajina,

Kikohozi kipo, tumezoeana. Kunywa uji kabla ya kazi, hata ukiutapika. Mama yako hajui lolote. Wewe fanya kazi.

Babu yako

Meru, 5 Julai 2024

Babu mpendwa,

Natumaini baridi ya mwezi huu haijakusumbua. Nimebaki! Kuanzia Aprili watu wamekuwa wakifungua akaunti katika matawi ya huko kwetu wakitaja jina langu: Karurumo, Runyenjes, hata Kiritiri. Naambiwa ni wazee tupu, wenye adabu, wamevaa makoti. Kiogora anasema nina kipaji, na sasa nitawafunza wapya.

Safiya alinipa mkono akiondoka. "Hongera, kaka. Hao wote uliwapatia wapi?" Nikamwambia ni bidii.

Siku hizi sitapiki.

Mjukuu wako

Embu, hospitalini, 2 Oktoba 2024

Wajina wangu,

Nakusalimu nikiwa nimelala. Daktari ameacha kunieleza matibabu, sasa ananiuliza kuhusu familia. Kwa hivyo nakuambia mapema.

Wazee wale niliwafundisha darasani. Nilikwenda kwao nyumba kwa nyumba nikawaambia wafungue akaunti na kutaja jina lako. Munyi, ambaye sasa ana wajukuu, aliniuliza, "Mwalimu, kuna mtihani?" Nilijua hawawezi kunikataa. Wengi hawajairudia benki hiyo tangu siku ile.

Ningependa kusema sikujua kwamba upande wa pili kuna mtoto wa mtu. Nilijua. Uliniandikia jina lake. Kazi ile ilikuwa yake.

Sikuagizi la kufanya. Ila sikutaka kufa ukidhani kile ni kipaji.

Babu yako

Meru, 15 Oktoba 2024

Babu,

Unapata chakula kinachoteremka?

Barua yako ilinikasirisha. Nilikasirika kwa ajili ya kile kipaji, si kwa ajili ya Safiya. Afadhali nawe ulijue hilo.

Nilimkuta akikata nyama kwa mjomba wake. Nilipomweleza, kisu kilisimama. "Miezi yote hii nilidhani mimi ndiye mjinga," akasema. Halafu akacheka. "Kumbe nilikuwa nashindana na shule nzima!"

Jana nilisema mbele ya wote kwamba Safiya alinishinda, arudishwe, mimi niondoke. Kiogora hata hakukasirika. "Huyo babu yako bado yuko hai? Ana wanafunzi wengine? Akiwaleta, wewe na huyo msichana wote mna kazi." Nilipompigia Safiya alisema harudi kwa mgongo wa mwalimu wa mtu. Kwake kesi imeisha.

Mimi Kiogora anangoja jibu langu Jumatatu. Nyumbani kodi ya mama naitoa mimi, unajua. Nakuja Jumamosi uniambie nimjibu nini.

Mjukuu wako

Embu, 17 Oktoba 2024

Wajina,

Chakula hakiteremki, chai inapita. Njoo.

Wanafunzi wengine wapo, wengi, na wangekuja. Mwambie Kiogora nimekufa. Ikifika Jumatatu huenda hutakuwa umesema uongo.

Babu yako