Mama Bado Hajauliza

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijui kuanza maneno na wewe bila shikamoo.

Nimemaliza kidato cha nne. Juzi walikuja watu wawili wa timu ya wanawake ya Dar, wakaketi kwenye kochi ulilokuwa ukinyooshea goti lako. Wananitaka nikadake kwao. Mimi, Baba, ambaye mgeni akipiga hodi nakimbilia uani!

Unakumbuka ulivyonipeleka Saadani, enzi zako za uwakala wa wachezaji, nyumbani kwa yule winga uliyekuwa ukimwakilisha? Kijana alikwisha kushika kalamu. Wewe ukamsomea mama yake mkataba mstari kwa mstari, kisha ukasema, "Haya mama, uliza."

Yule mama, magamba ya samaki mikononi, akacheka. "Niulize nini, mwanangu? Mpira wenyewe siujui."

"Basi hasaini mtu. Tutakula, tutaswali, utauliza."

Tukala wali na papa mkavu. Alasiri ikapita. Ndipo akauliza, "Nitamwona lini?" Mkataba haukutaja likizo hata kidogo. Ukaurudisha kwa timu yao, kijana amenuna.

Njiani uliniambia kwamba uliposaini wewe, beki mwenye mbio, nyumbani hakuulizwa mtu. Goti lilipokwisha, timu ilikuletea kikapu cha matunda na pole. "Mwenye hamu hasikii anachosomewa," ulisema. "Anayempenda ndiye anayesikia."

Juzi nilimsubiri Mama. Alisimama na sinia la chai, kimya, kama alivyokuwa tangu utuache. Mgeni mmoja akanipa kalamu: "Golikipa wetu, weka saini hapo, foleni ya Dar inatusubiri."

Naitaka timu ile, Baba. Naiota. Lakini sauti ikanitoka, ndogo: "Mama bado hajauliza."

Wageni wakatazamana. Mama akanitazama mimi, kama mtu aliyeamshwa. Akatua sinia.

"Nimekanda goti la mume wangu tangu ujana wangu," alisema. "Huyu akiumia, nani atamtibu?"

"Hayo tutayazungumza mbele ya safari, mama."

"Basi na saini iwe huko huko mbele ya safari. Maandazi hayo, karibuni."

Hata maandazi hawakuyamaliza. Hawajapiga simu mpaka leo. Nimelia, sikufichi.

Ila leo asubuhi Mama alikuja uwanjani, hapa Dunda, akakaa nyuma ya goli langu. Nilipodaka penalti akapiga kelele, "Huyooo! Mtoto wa beki huyo!" Wenzangu wakacheka, nikaona haya hadi masikioni. Baba, ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike kuisikia sauti yake ikipanda.

Wakirudi, tutausoma mkataba mstari kwa mstari. Wasiporudi, kesho nina mazoezi, na Mama ameuliza yanaanza saa ngapi.

Pumzika, Baba. Mungu akupe kauli thabiti.

Binti yako mwenye haya,
golikipa