Gizani Chini ya Hekalu la Kyoto

Kaka Masanja,

Shikamoo. Habari za hapo Segese? Mguu wa mama umepona? Mpunga umepata mvua? Mimi sina ugonjwa, ila tangu Jumapili nina hofu ambayo siwezi kuisema kwa simu bila kulia. Ndiyo maana nimeandika, na barua anakuletea mwanafunzi anayerudi Mwanza.

Jumapili Haruko, mama ninayefanya naye kazi ya kutunza wazee hapa Osaka, alinipeleka Kyoto, mji wa wafalme wao wa zamani. Tulianza na jumba moja la kifalme. Ukikanyaga sakafu, mbao zinalia kama ndege. Haruko akasema zilitengenezwa hivyo ili adui akinyemelea asikike. Nikatembea kwa ncha za vidole, na bado zikalia.

Halafu tukapanda mlimani kwenye hekalu. Pana njia inayopita chini yake, giza tupu. Unavua viatu, unashika kamba ya shanga kubwa za mbao, unaifuata.

"Ni kama kurudi tumboni mwa mama, ukazaliwa upya," Haruko akaniambia, akatangulia.

Hatua chache tu, sikuona hata mkono wangu. Nikaita, "Haruko?" Alikuwa ameshafika mbali mbele. Nikasimama palepale. Nikaanza kumwita mama, "Mayu, mayu," kama mtoto. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanishika bega, akasema taratibu, "Twende, twende," akanisukuma mpaka kwenye jiwe lenye mwanga mdogo. Watu huligeuza na kuomba jambo. Niliomba uwe hai.

Maana mle gizani nilikuwa naiona siku ile shimo la duara lenu la dhahabu lilipokufukia. Mimi na mama tulisimama juu tangu asubuhi, wenzako wakitoa udongo kwa ndoo. Walipokutoa ukaomba maji, ukacheka. Wiki iliyofuata ukashuka tena. Mama alipokuuliza, ukamjibu, "Mtu anazoea." Nikakuamini.

Kaka, mimi nilikaa kule dakika chache, sakafu safi, bibi wa watu kanishika, na nilipotoka nilikaa chini kwenye ngazi, viatu bado mkononi. Sasa mama anasema mmechimba kwenda chini kuliko pale ulipofukiwa.

Nakuomba utoke. Najua utasema watoto watakula nini. Basi kama huwezi kutoka, usinidanganye tena kwamba umezoea. Niambie unaogopa. Nikijua unaogopa, nitajua unakagua matimba yanayoshikilia kuta kabla ya kushuka, na wakikuambia yamekaza utayagonga mwenyewe.

Msalimie mama, ila usimsomee haya. Mpe pole shemeji, mkeo, najua naye anaogopa. Mjomba wa Nkome mwambie dagaa wake walifika na Haruko kawapenda. Wabusu watoto.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Mdogo wako anayekuogopea,
Kabula