Chanjo ya Mafua, Mkono wa Kushoto

Mpendwa mke wangu, Mama Nyangeta,

Kwa heshima yote unayostahili, na kwa mkono wa mtu aliyezoea kuandika barua za wengine kuliko zake, naomba kukuarifu kwamba nimechanjwa chanjo ya mafua. Najua ungecheka. Ungeweka mwiko chini, ungejifuta mikono kwenye kitenge, kisha ungeniuliza, "Mafua nayo siku hizi yana sindano?" Yanayo. Nakuandikia kueleza jinsi nilivyoufikia uamuzi huo, kwa kuwa katika maisha yetu ya ndoa hapakuwa na jambo nililoliamua bila kukueleza sababu zake, hata pale uliposinzia kabla sijafika sababu ya pili. Barua hii naiacha wazi, atakayeisoma na aisome. Siri tulizokuwa nazo uliondoka nazo.

Kwanza pokea habari njema. Nyangeta wetu amejifungua mtoto wa kike huko Bunda. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, akakaa kwanza hospitali katika chumba cha joto. Sasa wako nyumbani kwao Nyasura, naye ananyonya vizuri. Wamempa jina lako. Anaitwa Nyabise.

Nilimpigia Nyangeta simu kuuliza niende lini kumwona.

"Baba, usikasirike," akasema. "Daktari hataki mwenye mafua amsogelee mtoto. Na sisi wakubwa tunaomzunguka ametuambia tuchanjwe, kama chanjo inapatikana. Mtoto mwenyewe hawezi kuipata mpaka afikishe miezi sita."

"Mimi sina mafua," nikamjibu.

"Leo huna. Halafu wewe si mtu wa kumbeba tu na kumrudisha. Si utataka kumbariki kama mama alivyokuwaga anafanya?"

Nikamwambia nitafikiri, Mama Nyangeta. Ile kazi ilikuwa yako. Kila mjukuu alipoletwa kwetu Butiama kwa mara ya kwanza, ulikaa kwenye kigoda, ukapewa kibuyu, ukajaza maji mdomoni. Kisha ulimtazama mtoto kwa muda, midomo ikichezacheza, maneno yakipita ndani ya maji, ndipo ukampulizia usoni na kifuani manyunyu membamba kama ya mvua iliyokosea njia. Mtoto alishtuka, akina mama wakapiga vigelegele, nawe ukamrudisha kwa mama yake kana kwamba umemaliza kumkagua. Hakuna aliyewahi kuyasikia maneno yale. Nilikuuliza siku moja, "Hawa watoto unawaambiaga nini?" Ukanijibu, "Ningetaka usikie, Baba Nyangeta, ningeyameza maji kwanza."

Sasa bibi yake hayupo, na kwa upande wa mkwe wetu wazee wote wametangulia. Nimebaki mimi. Nami, kama ujuavyo, ni mtu wa maneno yanayosikika. Niliacha shule nikachunge ng'ombe wa baba, nikajifunza lugha fasaha kwa kusoma kila karatasi iliyoanguka mbele yangu, na tangu hapo nimekaa mjini Musoma nikiwaandikia watu maombi yao: wa mpaka wa shamba, wa kibali cha maji, wa mtoto kuhamishwa shule. Najua namna ya kumwomba mkuu wa idara. Namna ya kumwomba Mungu kwa mdomo uliojaa maji hukunifundisha.

Jirani yetu Baba Masatu, yule muuza dagaa, alipata habari kabla sijamaliza kuifikiria. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya mlango, mahali ulipokuwa ukichambulia mchicha.

"Nasikia unaenda kuchomwa sindano ya mafua," akasema.

"Bado natafakari."

"Tafakari nini, mwandishi? Dawa ya mafua ni mchuzi wa furu na pilipili. Ukichomwa hiyo, utapiga chafya mpaka Pasaka."

"Nani alichomwa akapiga chafya?"

"Simjui. Lakini yupo."

Tulicheka. Alipoondoka nilibaki nikiwaza mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa kwenu Kiriba ambao mtu wa Butiama kama mimi alikuona wewe kwanza ndipo akajua kuwatofautisha na miba yao. Nilipopata mafua uliwachemsha na ndimu, ukanisimamia mpaka bakuli likaonyesha maua yake ya chini. Nikakumbuka na ule mwaka wa kujifukiza, watu wote walipokuwa na hofu. Tuliinamia sufuria moja ya mchaichai na majani ya mwarobaini, tumefunikwa blanketi moja, jasho likitutiririka, nikawa nakusomea kwa kichwa barua niliyokuwa naitunga. Ukasema, "Maliza haraka, Baba Nyangeta. Tukikaa humu zaidi tutatoka tumeiva." Sijawahi kuwa karibu na mtu kuliko nilivyokuwa karibu nawe chini ya lile blanketi. Bado ninalo. Lina nafasi kubwa sana.

Naomba sasa nieleze kilichonizuia, maana si sindano. Sindano nimechomwa nyingi.

Ulipoanza kuumwa, yalikuwa mafua. Ulipiga chafya asubuhi, jioni ukasema mwili unauma, nami nikasema twende hospitali. Ukanitazama kwa huruma. "Mafua nayo mtu anapelekwa hospitali? Watatucheka." Nikaona una haki. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kupelekwa hospitali kwa mafua. Tulipokwenda, kifua kilikuwa kimeshabana, na daktari akatuambia kwamba yalianza kama mafua yakashuka kwenye mapafu. Siku ile nililisikia neno "mafua" kwa sauti nyingine. Hatukumkosea mtu, wala hatukukoseana, tulijua tulichokijua. Lakini tangu tulipokulaza Butiama, kando ya mama yangu, nimejizoeza kusema kwamba siku zako zilikuwa zimefika. Neno hilo limenisaidia kulala.

Sasa Nyangeta ananiambia kuna chanjo. Nikienda kuchanjwa, nitakuwa nimekubali kwamba mafua ni adui anayeweza kuzuiwa, au walau kupunguzwa nguvu. Nitakuwa nimekubali kwamba palikuwa na mlango, nasi tulipita nje yake bila kujua kwamba ni mlango. Hilo ndilo lililonikalisha kitini, Mama Nyangeta, chai ikapoa. Nisipochanjwa, nabaki na amani yangu, na Nyabise wa pili nitamwona kupitia dirisha. Nikichanjwa, nitambeba, lakini nitarudi nyumbani na swali.

Nililipima kwa njia uliyonifundisha. Wakati nilipokuwa sijui niandike nini katika barua ngumu, uliniuliza, "Anayeomba ni nani?" Safari hii anayeomba hajui kusema. Ana mapafu madogo, na jina lako.

Nikavaa koti langu la kaunda na kwenda hospitali moja ya hapa mjini ambako chanjo hizo zilikuwa zimeletwa chache. Muuguzi alikuwa binti mdogo kwa umri, mkubwa kwa adabu.

"Shikamoo, babu. Umekuja na nani?"

"Marahaba. Nimekuja kwa nafsi yangu."

Alitabasamu. Nikamweleza kwamba kabla ya kutoa mkono ningependa kupatiwa ufafanuzi, je, chanjo hii yaweza kunipa mafua yenyewe?

"Haiwezi, babu. Vijidudu vilivyomo haviko hai. Mkono utauma, labda na homa kidogo, basi. Na haizuii kila mafua. Inazuia baadhi, na ukiyapata yale makali yanakuwa mepesi. Wazee tunawahimiza zaidi, kwa sababu kifua cha mzee hakina utani."

"Na mtoto mchanga?"

"Mtoto mchanga anakingwa na ninyi mnaombeba. Ila usimbebe leo wala kesho. Subiri kama wiki mbili ifanye kazi." Akashika pamba. "Mkono upi huutumii sana?"

Nikampa wa kushoto. Yeye alidhani ni kwa sababu naandika kwa wa kulia, na hiyo ni kweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba kushoto ndiko ulikokuwa ukilala, na huko hakuna tena wa kunigusa mkono ukiuma.

Akaniambia nikae kwanza kwenye benchi waone kama mwili umeipokea. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Mmoja akichomwa, mwingine alikaa naye benchi, akishika mkoba na kuwasema watu wanaopita kwa sauti ya chini. Wewe ulikuwa fundi. "Yule viatu si vyake." "Yule ameambiwa asile chumvi, tazama anavyonuna." Nilikaa, nikaacha nafasi upande wa kushoto. Mama mmoja akauliza kama pana mtu. Nilimwambia akae. Alikaa, nami nikatazama viatu vya wapitao mpaka nikaitwa.

Muuguzi alinitazama macho, akaridhika. Kisha akauliza, "Nyumbani kuna mtu wa kukuangalia usiku wa leo ukipata homa?"

Nikajibu kwamba yupo.

Mkono uliuma kama walivyosema, na homa ndogo ikaja ikapita. Asubuhi Baba Masatu alichungulia kuona kama napiga chafya. Alinikuta nafagia. "Basi ni ya kwako tu haikufanya kazi," akasema, akaniachia furu kwenye kisahani, wamefunikwa kwa gazeti. Niliwachemsha na ndimu. Hawakuwa kama wako. Siku chache baadaye maumivu yaliisha, na naomba unisamehe nikisema niliyatamani kidogo, maana upande ule haukuwa na kitu kingine kilichoniamsha.

Muda ulipotimia nilipanda gari la Bunda. Nilikuwa nimetunga maneno ya baraka njiani, yenye mpangilio mzuri, yakianzia kwa Mwenyezi na kuishia kwa ukoo. Nyangeta alinipokea mlangoni, akaniletea maji na sabuni, akanitazama nikinawa kama mimi nilivyokuwa nikimtazama yeye utotoni. Ndipo akaniwekea mtoto mikononi.

Ana paji lako. Anakunja uso kabla ya kulala, kama mtu anayekataa bei.

Nyangeta alileta kibuyu chako. Aliomba wamletee kutoka Butiama bila kuniambia. Lakini alimimina maji kwenye kikombe safi akasema taratibu, "Baba, maji usiyaweke mdomoni. Chovya vidole tu. Mama ataelewa." Naamini unaelewa. Nikachovya vidole, nikamnyunyizia miguuni, maana usoni niliogopa. Hakushtuka. Wote wakanitazama wakingoja, na hapo nikatambua jambo ambalo sikulifikiria barabarani: mdomo wangu haukuwa na maji. Chochote nitakachosema kitasikika.

Yale maneno yangu yenye mpangilio yalikuwepo yote. Niliyaona yamepanga foleni. Hakuna hata moja lililomfaa mtu mdogo kiasi kile. Nikasema, "Nyabise, kaa." Basi. Nikarudia, "Kaa nasi." Nyangeta akainamisha kichwa, akaanza kulia kimyakimya, na mkwe wetu akatoka nje kana kwamba ameitwa.

Nimerudi Musoma sasa. Lile swali nililoliogopa nimerudi nalo, na nimelipa nafasi ndani ya nyumba. Halina kelele kama nilivyodhani. Ninalowaza zaidi ni yale maji yako. Wajukuu wote uliowabariki, na midomo yako ikichezacheza. Pengine ulikuwa na baraka ndefu za Kiriba ambazo sitazijua. Lakini naanza kuamini kwamba ulikuwa ukisema neno hilohilo nililolisema mimi, na kwamba uliweka maji mdomoni kwa sababu neno lile mtu hawezi kulisema mbele za watu likamwacha na macho makavu.

Wanasema chanjo hii hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa mafua hubadilika. Mwakani, nikijaliwa, nitakwenda tena, nitatoa mkono wa kushoto, nitaacha nafasi kwenye benchi. Wakiniuliza kama nyumbani kuna mtu, nitawajibu kama nilivyojibu.

Nakuaga kwa leo, kwa utii na upendo usiopungua. Lala salama kilimani pale Butiama. Nami nitafunika sufuria na kufunga mlango kama ulivyozoea kunikumbusha.

Ni mimi mumeo,
Baba Nyangeta