Akina Wegesa Wawili

Jumatatu, 5 Juni 2023

Mtoto katoka vipele tena, kwenye viwiko. Anajikuna mpaka damu! Mama mkwe kanionyesha mikono yake yenye magamba, akacheka: "Huyu wajina wangu hakuniachia kitu." Nami nikacheka. Ila moyoni — hapana. Mama siku hizi anasahau. Jana kaweka chumvi kwenye chai mara mbili. Mtoto kachukua ngozi yake. Na kichwa je?

Jina lenyewe, Wegesa, mimi silitamki. Ni la mkwe, mwiko. Mtoto namwita Mama, kama ninavyomwita bibi yake. Heche mume wangu ananitania, nikiita wanaitika wote wawili.

Alhamisi, 8 Juni

Tarime, kliniki, sote watatu. Daktari kasema ya mama ni soriasis, ngozi ya magamba, ya mtoto ni pumu ya ngozi. Mbalimbali! Haziambukizi, wala haziji na jina. Nikauliza habari ya kusahau. Kasema wataalamu bado wanachunguza, ngozi ikiwaka miaka mingi huenda na ubongo ukaguswa. Huenda. Hawana hakika. Mama arudi tarehe 19 apimwe kumbukumbu. Mtoto apakwe mafuta kila akitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Nimefurahi nusu.

Jumapili, 11 Juni

Heche yuko duarani, shimoni mwa dhahabu, tangu Ijumaa, wanasema wamegusa mwamba wenye mali. Mwajuma muuza chai kanisema: "Unamwachia mtoto bibi asiyejua leo siku gani?"

Nimwachie nani? Nisipoponda mawe hatuli. Na mama anampenda.

Jumatatu, 12 Juni

Nimerudi saa tisa — nyumba tupu! Nikakimbilia maduarani. "Mama! Mama!" Wanawake waliokuwa wanaponda wakageuka wote. Mama na mtoto hawamo. Nikalitaja. Kwa sauti!

"Wegesa!"

Akageuka. Ukingoni kabisa mwa shimo, mtoto mgongoni. "Nani huyo ananiita kama rika lake?"

Nikamshika mkono. Nikawarudisha nyumbani.

Naandika wao wako mlangoni. Mama kamwogesha mtoto, anampaka mafuta, kiwiko hiki, kiwiko kile, taratibu, haruki mahali. Hakuna aliyemkumbusha! Mtoto katulia, hajikuni.

Kesho zamu yangu ni alfajiri.

Sasa hivi kaniangalia. "Binti, mama wa huyu mtoto yuko wapi?"

"Yupo, mama."

"Mwambie aende tu kazini, asiwe na wasiwasi. Mimi nipo."