Niliachilia Kabla Hajafunga

Jumamosi, alasiri. Mvua imekatika lakini Kanduyi bado ni matope. Wapakuzi wanashusha mahindi yetu, nami nimekaa mbele ya lori nikiandika kwa simu.

Acha niseme ukweli.

Asubuhi kule Kitale, mume wangu, Baba Wafula, alibadilisha paipu ya breki za nyuma. Lori letu ni kuukuu, na paipu ikishafunguliwa lazima hewa itolewe. Yeye hulala chini ya gari, mimi hukanyaga. Nakanyaga mara tatu, nashikilia, anafungua kinati kidogo kwenye gurudumu hewa itoke, anafunga, ndipo naachilia. Ukiachilia kabla hajafunga, breki inavuta hewa upya.

Kwenye gurudumu la mwisho, nyuma kushoto, mguu uliingia ganzi. Niliachilia mapema.

"Umeshikilia?" aliuliza kutoka chini.

"Nimeshikilia."

Nilikuwa nimechoka. Sikutaka turudie. Ni hilo tu, hakuna sababu kubwa.

Aliikanyagakanyaga pedali ikawa ngumu, akaridhika, akaondoka na magunia. Mimi nikabaki Kitale nikiwaza mteremko wa Kamukuywa atakaoupita njiani. Nilimpigia mara nne. Hakushika.

Kwenye saa nne akapiga mwenyewe. Alikuwa Misikhu, kando ya soko. Mama mmoja alikuwa anavuka na beseni la mboga, Baba Wafula akakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena, na tena, ndipo ikashika. Lori lilisimama hatua moja kutoka kwa yule mama.

"Ameumia?"

"Hapana. Amenitusi tu, na ana haki. Sijui nilikosea wapi, Mama Wafula. Nafikiri macho yangu yamezeeka."

Nikanyamaza.

Mungu anisamehe, nilihisi nafuu. Alikuwa amejilaumu tayari, na hakuna mtu angejua.

Kisha nikasikia sauti yangu: "Ni nyuma kushoto. Niliachilia kabla hujafunga. Nilikudanganya."

Nilisikia soko zima kwenye simu.

"Kuja na mafuta ya breki," akasema mwishowe. "Si wewe ndiye unanikanyagia?"

Nilipanda matatu nikamfuata, tukarudia kazi pale kando ya barabara. Akaninyanyulia dirishani chupa aliyokingia mafuta nione: yamejaa povu. Nilishikilia pedali hadi paja likaniuma, sikuinua mguu mpaka aliposema. Hakunigombeza hata neno moja. Afadhali angenigombeza.

Kutoka Misikhu mpaka hapa nimekaa kando yake. Kila mteremko nilikuwa nakanyaga sakafu kana kwamba nina breki yangu. Lori lilisimama kila alipokanyaga breki.

Jioni tunarudi Kitale. Breki naziogopa, ndiyo. Lakini ninayemwogopa zaidi ni yule mwanamke aliyenyamaza kwenye simu.

Lau lori lisingesimama pale Misikhu, angesema ukweli?